Kama Shetani amefungwa, nani kaugusa mzani wangu?

BARUA KWA PADRI
Anayejibu ni padri mstaafu wa Kianglikana, mkulima wa korosho, mkazi wa Masasi.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Shikamoo. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala. Mwezi uliopita ukoo mzima ulikutana nyumbani kumaliza msiba wa mama yetu. Baada ya chakula cha jioni tukafungua Biblia kama marehemu alivyotuzoesha, na zamu ya kusoma ikamwangukia mwanangu wa kwanza. Akachagua Ufunuo 20, pale Shetani anapofungwa miaka elfu. Basi, moto ukawaka. Mwanangu ameokoka, anasali kwa Wapentekoste Mtwara mjini. Anasema Shetani bado yuko huru, atafungwa Yesu akirudi kutawala dunia. Mdogo wangu ni Msabato. Anasema atafungwa kweli, lakini wakati huo watakatifu watakuwa mbinguni na dunia itabaki tupu. Shemeji yangu, Mkatoliki wa Ndanda, akacheka, akasema huyo mbona alishafungwa siku nyingi. Mimi nilinyamaza, maana kwetu Anglikana sijawahi kusikia sura hiyo ikihubiriwa. Mpaka leo mwanangu na mama yake mdogo hawapigiani simu. Na mimi nina langu. Wiki ileile nilipeleka gunia la korosho chama cha msingi. Nyumbani nililipima, kilo 82. Kule mzani ukasoma 78. Padri, kama Shetani amefungwa, nani kaugusa mzani wangu?
Mama Korosho, Newala

JIBU: Milele, amina. Marahaba, mama, na poleni sana kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, Mungu anisamehe, kwa ajili ya huo mzani. Mara ya pili sikucheka, maana mtu kamnunia mama yake mdogo kwa aya chache za Biblia. Mara ya tatu nikachukua daftari.

Unasema kwetu sura hiyo haihubiriwi. Ni kweli, na kosa ni letu mapadri. Nimesimama mimbarani miaka mingi, lakini mahubiri yangu juu ya Ufunuo 20 nikiyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, vidole vinabaki. Tunaogopa. Kwenye maziko tunasoma sura inayofuata, ile ya Mungu kufuta kila chozi, kisha tunafunga kitabu upesi kabla hajatokea mtu wa kuuliza.

Tutazame kilichoandikwa. Yohana anaona malaika akishuka na ufunguo wa kuzimu, na mnyororo mkubwa mkononi. Anamkamata joka, anamfunga miaka elfu, anamtupa, anafunga mlango na kutia muhuri, “asipate kuwadanganya mataifa tena”. Kisha viti vya enzi, roho za waliokatwa vichwa kwa ajili ya Yesu, nao wanakuwa hai na kutawala pamoja na Kristo miaka elfu. Maneno hayo “miaka elfu” yanatajwa mara sita, kuanzia aya ya 2 hadi ya 7. Tafuta Mwanzo mpaka Yuda, hutakuta mahali pengine paliposema Kristo atatawala miaka elfu. Mzigo wote umewekwa juu ya aya sita. Ndiyo maana watu wenye akili zao na imani yao wamevutana juu yake tangu karne ya 2, wala si ugonjwa ulioanzia mkekani kwenu.

Halafu sisi tunaosoma Kiswahili tuna tatizo la nyongeza. Biblia yetu ya Union inasema joka ametupwa “kuzimu”. Ukishuka hadi aya ya 14 unakuta Mauti na Kuzimu zinatupwa katika ziwa la moto. Bibi mmoja wa parokiani aliwahi kunifuata baada ya ibada, analia, akitaka kujua kama marehemu mume wake amefungiwa chumba kimoja na Shetani. Hapana. Kigiriki kina maneno mawili pale. La aya ya kwanza ni abiso, shimo lisilo na mwisho, lile ambalo pepo wa Legioni walimsihi Yesu asiwapeleke, Luka 8:31. La aya ya 14 ni hadesi, makao ya wafu. Wafasiri wetu waliyapa yote mawili jina moja. Shetani amewekwa mahabusu. Kwa marehemu wetu hakupelekwa.

Sasa niwachukue ndugu zako mmoja mmoja.

Mwanao amekaa kwenye shina kuukuu kuliko anavyojua mwenyewe. Papias wa Hierapoli, Yustino mfiadini kule Roma, Ireneo wa Lyon, wote wa karne ya 2, walitazamia Kristo arudi, awafufue watakatifu, atawale nao hapahapa duniani. Kwa hiyo shemeji yako asicheke sana. Wazee wa kwanza kabisa walikuwa upande wa kijana. Ila Yustino alikuwa mkweli. Baada ya kueleza anavyoamini yeye, alikiri kwamba wako Wakristo wengi wa imani safi wasiokubaliana naye. Mwambie mwanao aikariri sentensi hiyo kabla hajaamua nani wa kumpigia simu.

Lakini anayoyahubiri mwanao si ya Yustino yote. Habari ya kanisa kunyakuliwa kwanza, kisha miaka saba ya dhiki, kisha Kristo kushuka kutawala, na Israeli kuwa na ratiba yake na Kanisa ratiba yake, hiyo ilipangwa katika karne ya 19 na John Nelson Darby, aliyekuwa padri wa Kianglikana kule Ireland kabla hajatuacha. Ikasambazwa na Biblia ya Scofield, iliyotoka mwaka 1909 ikiwa na maelezo chini ya kila ukurasa, na wasomaji wengi wakashindwa kutofautisha aya na maelezo. Wewe ni mkulima, utanielewa: huo ni mkorosho wa kubebesha. Shina la kienyeji, kikonyo kimetoka kwingine. Sina ugomvi na kubebesha. Nusu ya mikorosho yangu vikonyo vyake ni vya kituo cha utafiti cha Naliendele, na inazaa kuliko ile ya baba. Ila mkulima lazima aonyeshe kiungo kiko wapi.

Nguvu yake iko wapi? Iko aya ya 4 na ya 5. Wale watakatifu “wakawa hai”, na wafu waliosalia “hawakuwa hai” mpaka miaka elfu itimie. Ni kitenzi kilekile. Kama wa pili wanafufuka kwa mwili, kwa nini wa kwanza wasifufuke kwa mwili? Hapo mimi nabanwa, na nitakuja kukiri nilivyobanwa.

Mdogo wako Msabato anasoma mpangilio uleule wa Yesu kurudi kwanza, lakini anabadilisha mahali. Yesu akija, watakatifu walio hai na waliofufuka wanakwenda naye mbinguni, waovu wanakufa wote, dunia inabaki ukiwa kama Yeremia 4:23 na kuendelea, hakuna mtu. Kule juu watakatifu wanapitia hukumu, maana Paulo alisema watauhukumu ulimwengu. Na Shetani? Kwao mnyororo ni hali yenyewe. Amebaki na malaika zake kwenye dunia isiyo na hata mtu mmoja wa kumdanganya. Sikulielewa fundisho hili mpaka siku nilipomwona mnunuzi wa kangomba mwezi wa Aprili. Oktoba mtu yule halali. Anazunguka usiku na bakuli lake, kwa wajane, kwa wenye mgonjwa, kwa wenye ada ya shule, anachota korosho kwa bei ya kutupa. Aprili kakaa barazani, bakuli kaligeuza, anajipepea. Hakuna polisi aliyemfunga. Korosho hazipo. Msabato anasema Shetani atakuwa hivyo miaka elfu. Baada ya hapo waovu wanafufuliwa, mji mtakatifu unashuka, na yeye anapata tena watu wa kudanganya. Huko ndiko “kufunguliwa”. Mpangilio umekaa vizuri, nausifu. Shida yangu ni kwamba Ufunuo 20 yenyewe haisemi wazi kwamba utawala ule uko mbinguni wala kwamba dunia imebaki tupu. Imebidi Yeremia aitwe kuja kushuhudia, na Yeremia alikuwa akiililia Yuda yake.

Shemeji yako sasa, na mimi nyuma yake. Msomo huu una baba yake, naye ni Mwafrika: Augustino, askofu wa Hippo, mahali panapoitwa leo Annaba, Algeria. Katika kitabu cha 20 cha kazi yake kubwa juu ya Mji wa Mungu anakiri kwamba na yeye zamani aliamini utawala wa miaka elfu unaokuja, akaachana nao, hasa alipochoshwa na watu waliouhubiri kana kwamba ni karamu ya kula na kunywa kupita kiasi. Mengi ya namna ya kuusoma Ufunuo aliyapata kwa Mwafrika mwenzake, Tikonio, aliyetokea upande wa Wadonati, kanisa ambalo Augustino alipambana nalo miaka mingi. Yaani alichukua dawa kwa hasimu yake. Hilo nalo mkalizungumze mkekani.

Augustino anauliza: ni lini tena Biblia inasema Shetani amefungwa? Jibu ni Mathayo 12:29. Yesu anatoa pepo, mafarisayo wananung'unika, naye anasema huwezi kuingia nyumba ya mwenye nguvu na kuteka vitu vyake usipomfunga kwanza. Kitenzi cha kufunga katika Kigiriki ni kilekile cha Ufunuo 20. Basi kufungwa kulianza Yesu alipokuja, na miaka elfu ni muda wote wa Kanisa tangu hapo mpaka mwisho, elfu ikiwa hesabu ya ukamilifu. Zaburi ya 50 inasema makundi juu ya milima elfu ni ya Mungu. Je, mlima wa elfu moja na moja ni wa nani?

Na amefungwa asifanye nini? Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Aya haisemi asipumue, asijaribu, asiibe. Inasema asiwadanganye mataifa. Yohana 12, Wayunani wanakuja wanataka kumwona Yesu, na papo hapo Yesu anasema mkuu wa ulimwengu huu sasa atatupwa nje, naye akiinuliwa atawavuta wote kwake. Kabla ya hapo taifa moja dogo ndilo lililoshika maandiko. Baada ya hapo habari imefika kwa Wagiriki, kwa Wamisri, mpaka kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, na hakuna aliyeweza kuufunga ule mlango.

Kanisa Katoliki limeshika njia hiyo; Katekisimu yake, namba 676, inakataa tumaini la ufalme wa namna hiyo ndani ya historia, hata likipunguzwa makali. Walutheri waliandika karibu hivyo huko Augsburg mwaka 1530. Na sisi Waanglikana? Mwaka 1553, katika zile Kanuni 42 za Askofu mkuu Cranmer wa Uingereza, tuliweka kanuni nzima ya kuwalaani watu wa miaka elfu. Miaka kumi baadaye tukapunguza kanuni, na hiyo ikafutwa kimyakimya. Ndio sisi hao. Kwa hiyo ukiwa Mwanglikana huzuiwi kukubaliana na mwanao.

Kuna kundi la nne ambalo halikuwa na mtu mkekani: wanaosema Injili itaenea mpaka dunia inyooke, ipatikane miaka elfu ya heri, ndipo Kristo arudi. Jonathan Edwards wa Marekani alifundisha hivyo karne ya 18, na wamisionari wengi wa karne ya 19 walipanda meli na tumaini hilo mfukoni. Vita ya 1914 iliwapunguza sauti. Sisi wa kusini tuliipata mlangoni: Mahiwa, Oktoba 1917, mataifa ya Kikristo yakipigana huku waliokufa wengi ni vijana wa Kiafrika wa pande zote mbili.

Nimekuahidi kukiri. Msomo wangu una majeraha mawili. La kwanza ni hilo la “wakawa hai”. Augustino anasema ufufuo wa kwanza ni wa roho, mtu anapoiamini sauti ya Mwana, na wa pili ni wa mwili. Linakubalika, lakini kutafsiri kitenzi kimoja kwa maana mbili katika mistari miwili inayofuatana ni kazi ngumu, na siku nyingine asubuhi silikubali. La pili ni Petro: Ibilisi kama simba angurumaye, huzunguka-zunguka akitafuta mtu ammeze. Simba gani huyo kafungwa na huku anazunguka?

Hili la pili lina jibu la kale, la mbwa, nami nitakupa mbwa ninayemjua. Jirani yangu ana dume moja kali, rangi ya udongo, amelifunga kwa mnyororo kwenye mkorosho nyuma ya nyumba. Kwa kuzunguka kutwa kucha limechora duara. Ndani ya duara hakuna jani, vumbi tupu, laini kama unga wa muhogo. Nje yake majani yamesimama, na mpaka wenyewe umenyooka kana kwamba mtu kapima kwa kamba. Njia ya bombani inapita hapo. Mgeni akibwekewa hutupa ndoo. Mjukuu wangu wa miaka tisa hupita nusu hatua nje ya ule mstari, ndoo kichwani, mbwa anatoa povu, na maji hayamwagiki. Mwaka juzi mdogo wake aliingia ndani ya duara kufuata bibo lililoanguka, na kovu analo mpaka leo kwenye paja. Mbwa amefungwa, na mtoto kang'atwa.

Ila aya hii sikufundishwa kwanza na Augustino. Nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni yetu ya Kianglikana, alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Nia ilikuwa kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, kwenye haya majabali, wakapapenda wakakaa. Mama yake bibi alizaliwa na watu wa kundi hilo. Kila iliposomwa kanisani “na mnyororo mkubwa mkononi mwake”, bibi aligusa shingo yake kwa vidole viwili, hapa, juu ya mtulinga. Nikiwa mdogo nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Mnyororo sisi tunaujua. Mpya ni yule aliyevishwa.”

Na usidhani walikuwa watu wa raha. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, walivamia Masasi, wakachoma, wakaondoka na mateka, na misheni ikahamia huko kwenu Newala kwa muda. Mwaka 1905, Maji Maji, ikachomwa tena. Watu wale walikuwa na sababu kuliko wewe na mzani wako ya kuuliza kama joka kafungwa kweli. Bibi alizijua habari zote mbili, za mnyororo na za moto, na alizisimulia kwa kikao kimoja huku akichambua mboga.

Juu ya mwanao na mdogo wako, nina kisa. Katikati ya karne ya 3 huko Arsinoe, Misri, vijiji vizima viligawanyika kwa jambo hilihili. Askofu wao Nepos, aliyekwisha kufariki, alikuwa ameandika kitabu kutetea miaka elfu ya duniani, na watu walikishika kuliko Injili. Dionisio, askofu wa Aleksandria, alipinga fundisho hilo. Hakutuma barua ya kuwafukuza. Alikwenda, akawaita makasisi na walimu wa vijijini, akaketi nao siku tatu mfululizo, asubuhi hadi jioni, wakipitia kitabu cha marehemu hoja kwa hoja. Alianza kwa kumsifu Nepos, imani yake na nyimbo alizowaachia waumini. Na anasimulia kwamba aliwapenda wale watu kwa sababu walikubali kubadilika waliposhindwa, na yeye na wenzake hawakuona haya kuachia hoja zao pale zilipoonekana mbovu. Mwishowe kiongozi wao, Korakion, akasema mbele ya wote kwamba ameridhika. Sasa ninyi mmemaliza msiba kwa jioni moja. Waite tena, chemsha ming'oko ya kutosha, wewe ushike saa, na mtu asijibu hoja mpaka airudie kwanza kwa maneno ambayo mwenzake atasema, ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema.

Sasa mzani. Mama, kilo nne usimpe Shetani mapema hivyo. Wewe ulipimia nini? Kama ni ule wa kuning'iniza, wenye springi, ambao kijiji kizima huazimana, huo umebeba magunia mangapi na umeachwa kwenye mvua mara ngapi? Nunua au azima mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, kilo 50, uutundike. Ukisoma 52 au 53, umejua. Halafu, korosho zako zilikaa siku ngapi kati ya kupima na kupeleka? Zikiwa mbichimbichi hupungua zikikauka. Ukishajiridhisha kwamba mzani wako ni mzima, nenda chamani na shahidi, omba gunia lipimwe mbele yako, uliza kama ule mzani umehakikiwa na Wakala wa Vipimo na stika iko wapi. Ni haki yako, na huna haja ya kupandisha sauti. Kama kuna mkono wa mtu, una jina la mtu, na Mithali 11:1 inamsubiri mtu huyo bila kujali joka yuko huru au mahabusu. Nimeona watu wetu wakikemea pepo wa mizani usiku kucha, na asubuhi karani yuleyule kaketi palepale.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Lindi. Kama Mungu amefanikiwa kumfunga Shetani, kwa nini amfungue tena? Hata mimi mtoto nisingefanya hivyo.
Mwanafunzi, Lindi

JIBU: Amina, asifiwe. Swali lako ni zuri kuliko majibu mengi niliyosoma, na sitajifanya nimelimaliza. Angalia neno moja: “yapasa” afunguliwe muda mchache. Yohana haelezi inapasa kwa nini. Lakini tazama kinachotokea akifunguliwa. Kwa msomo wa Kipentekoste, watu wameishi miaka elfu chini ya Kristo mwenyewe, hakuna mjaribu, hakuna njaa, na bado anakusanya jeshi, Gogu na Magogu, “hesabu yao kama mchanga wa bahari”. Shuka ufukweni hapo Lindi maji yakitoka, uchote konzi moja ujaribu kuhesabu. Watu wote hao walikuwa na uasi moyoni wakati mjaribu yuko kifungoni. Yaani huwezi kusema tena ni Shetani tu aliyetuponza, na kisingizio alichokitumia Hawa bustanini kimekwisha. Kwa msomo wa Augustino, muda huo mchache ni dhiki ya mwisho ya Kanisa, na anasema Mungu anamfungua ili ionekane alikuwa adui wa namna gani, na waliomshinda walimshinda kweli. La kwanza linanishika zaidi, ingawa msomo si wangu. Tena angalia vita yenyewe: wanauzingira mji, moto unashuka, basi. Sentensi moja. Miaka elfu ya matayarisho, na hakuna hata aliyerusha mkuki.

SWALI: Padri, shikamoo. Mhubiri aliyepita kwetu amesema dunia imepewa miaka elfu sita tangu Adamu, ya saba ni ya kupumzika ndiyo miaka elfu ya Kristo, na kwamba imebaki michache mno. Tuendelee kupanda?
Mkulima, Nachingwea

JIBU: Marahaba. Pandeni. Hesabu hiyo si mpya. Imo katika Waraka wa Barnaba, maandishi ya Kikristo ya kale yasiyomo katika Biblia, siku sita za uumbaji zikihesabiwa miaka elfu sita. Tatizo ni kuanza kuhesabia wapi. Askofu mkuu James Ussher wa Ireland, karne ya 17, aliweka uumbaji mwaka 4004 kabla ya Kristo. Kwa hesabu yake miaka elfu sita ilitimia miaka ya 1990 ikielekea mwisho. Nilikuwepo. Tulipiga salfa kama kawaida. Na ninyi Nachingwea hamhitaji padri wa kuwaambia habari za watu wanaofika na hesabu nzuri kwenye karatasi: mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga, wakaleta matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli mpaka kwenu, na 1951 mpango ukafa. Reli yenyewe iling'olewa. Waulize wazee wawaonyeshe tuta lake.

Kwa Mama Korosho, nyongeza: nimekumbuka baada ya kufunga daftari. Mfuko wa saruji upime pamoja na karatasi yake, na uning'inize mahali pasipo upepo. Kisha niandikie uniambie ulisoma ngapi.